Kutoa picha, majina na meseji kwenye simu ya slaidi ya zamani

Mwongozo huu ni wa Sony Ericsson Xperia X10 mini pro, ile simu ndogo ya mwaka 2010 yenye kioo cha inchi 2.55, ukiisukuma ubavuni inatoa kibodi kamili. Slaidi nyengine za Android za miaka ile hazitofautiani nayo sana. Hapa Chake Chake bado zinaletwa, zimetolewa makabatini, na kila anayeleta anataka vilivyomo ndani. Ndiyo miaka ambayo umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba, watu wakaanza kupiga picha bila kuhesabu chaji. Mna harusi humo, mna wazee waliokwisha kutangulia.

Kila kitu kipitishe kwenye memori kadi. Njia ya intaneti isahau: WhatsApp iliziacha Android za 2.3.7 kurudi chini tangu 1 Februari 2020, na Google ikazizuia kuingia kwenye akaunti tangu 27 Septemba 2021. Programu za kompyuta za kuunganisha simu pia sizitaki. Ikikuuliza kama uitengeneze au uisasishe simu, kataa, maana kazi hiyo mara nyingi inafuta.

Hatua ya 1: Kadi kwanza, kabla ya kuwasha
Toa memori kadi, itie kwenye kisoma kadi, nakili yote kwenye kompyuta. Picha zimo kwenye folda ya DCIM; za WhatsApp zimo kwenye WhatsApp, ndani ya Media. Kompyuta ikitaka kuifomati kadi, kataa. Safisha miguu yake ya shaba kwa spiriti, ikauke, ujaribu tena. Hewa yetu ya chumvi hushika hapo. Kioo cha simu usikifute bado. Sababu utaiona hatua ya 4.

Hatua ya 2: Betri
Ni BST-38. Iliyovimba usiitumie hata kwa dakika moja.

Hatua ya 3: Slaidi
Kioo kikizima unapofungua kibodi, fleksi imechoka, ule utepe mwembamba unaojikunja kila simu inaposukumwa. Usihangaike kuibadilisha. Sukuma taratibu mpaka picha irudi, kisha ibane pale pale kwa gundi ya karatasi ufanye kazi yako.

Hatua ya 4: Patani
Hapa ndipo simu nyingi zinapopotea, na zinapotea mkononi mwa mwenyewe.

Patani ni ule mchoro wa kuunganisha nukta tisa unaofungulia simu. Ukiikosea mara 5, simu inakusimamisha sekunde 30. Mtu anaona hiyo ndiyo adhabu yote, anaendelea kubahatisha. Kumbe simu inahesabu. Makosa yakifika 20, kama ina akaunti ya Google, haikubali tena patani hata ukiikumbuka. Inataka barua pepe na nywila. Zamani hapo ndipo ulipookoka. Sasa mlango huo umefungwa na Google, usitarajie kupita hata kwa nywila sahihi. Niliwahi kuletewa simu ya marehemu, watoto wake wameichezea jioni nzima, imeshafika kwenye ukurasa wa barua pepe. Siku ya pili binti yao mkubwa akaja dukani anaijua patani, na haikufaa kitu.

Kwa hiyo usibahatishe. Washa taa, inamisha kioo, tizama alama ya mafuta ya kidole. Simu iliyowekwa bila kufutwa huwa bado inayo. Waulize waliokuwa wadogo wakati ule, wao ndio waliokuwa wakichezea michezo. Chora nukta tisa kwenye karatasi, na kila patani unayojaribu ichore, usije ukairudia. Zikifika 15, weka simu chini na umngoje anayekumbuka.

Kijiweni kwa mafundi watakwambia wanaifleshi, yaani wanaitia programu upya, na kufungua. Watafungua kweli, lakini majina na meseji vitakuwa vimefutika. Muulize fundi yeyote swali moja kabla hajaigusa: vilivyomo vitabaki?

Na kama imeshafika kwenye ukurasa wa barua pepe? Kadi uliyonakili haikufungwa, hiyo umeshaipata. Majina ya kwenye laini yapo, itie laini simu nyengine. Halafu ingia kwenye akaunti ile ile ya Google kwa simu mpya, tizama sehemu ya anwani, huenda majina yalikwenda huko yenyewe zamani. Fanya leo: tangu Desemba 2023 Google inafuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kutumika.

Hatua ya 5: Majina
Yaliyomo kwenye laini yaingize kwanza kwenye simu, kwani hayafuati yenyewe. Kisha kwenye menyu ya majina chagua kuyahifadhi kwenye memori kadi. Litatoka faili lenye mwisho wa .vcf. Ukilifungua kwenye kompyuta ukaona vitu kama =D8=A7 usilirekebishe; hayo ni majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, simu mpya itayasoma. Lirushe kwa Bluetooth, liguse, yaingie.

Kama simu mpya inakwenda Muscat kwa ndugu, namba zinazoanza na 0 hazitapigika kule. Badilisha ile 0 iwe +255, angalau kwa za nyumbani.

Hatua ya 6: Meseji
Meseji haziko kwenye kadi, zimo ndani ya simu. Nashauri uzipige picha kwa simu nyengine, mazungumzo baada ya mazungumzo, tarehe ionekane. Kuzituma upya kunakula salio na kunaleta tarehe ya leo. Zima mwanga wa kamera, ongeza mwangaza wa kioo cha slaidi, na anza na za mtu ambaye hayupo tena, kwa sababu fleksi ikikatika kabisa katikati ya kazi hutajua utapata lini nyengine.