Ethi ya redio ya ridhaa: fimbo moja haifanyi kazi zote

Wengi wakishapata redio ya HF (ya mawimbi mafupi) wanapigilia fimbo moja ya chuma ardhini nje ya dirisha, wanavuta waya mpaka mezani, basi wanasema ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) ipo. Hapo ndo hatari inapoanzia, maana hiyo fimbo haijaungwa na ile ya umeme wa nyumba, radi ikipiga jirani ardhi ya huku na ya kule kwenye mita zinakuwa na volti tofauti kabisa na njia ya kusawazishana inapita ndani ya redio yako! Kwa hiyo fimbo zote, ya mlingoti wa antena, ya redio na ya mita, ziunge pamoja kwa kopa nene inayopita nje ya nyumba. Pale kwenye mita mwite fundi umeme, usijifanye unajua.

Fimbo chukua ya chuma iliyovikwa kopa, futi 8, izame yote. Pwani kwenye matumbawe au mchanga mkavu moja ni kama hamna, ongeza, na uziachanishe angalau urefu wa fimbo yenyewe. Habari ya kumwaga chumvi achana nayo, inaila fimbo. Maungio bana kwa klampu, yaliyochomelewa kwa risasi yanayeyuka radi ikipita. Waya uwe mfupi na mnyoofu, bila kona kali, na kopa bapa ni nzuri kuliko ya mviringo.

Koaksi (kebo ya antena) kabla haijaingia ndani ipitie arresta (kifaa cha kupeleka nguvu ya radi ardhini) iliyofungwa kwenye ethi hiyohiyo. Ila arresta haikuokoi na radi ya moja kwa moja, so mliopo kando ya Ziwa Victoria chomoeni koaksi na plagi mapema, sio ngurumo ishaanza ndo unakimbilia waya.

Sasa antena. Fimbo haiongezi umbali wa kurusha hata kidogo, mtu asikudanganye. Daipoli (antena ya waya mbili zilizonyooshwa huku na huku) haihitaji ethi ili irushe, antena ya wima ndo inataka waya nyingi zilizotandazwa chini kuzunguka kitako chake, hata 16 hivi, kwa 7 MHz robo ya urefu wa wimbi ni kama mita 10 ila zikilala chini urefu sio ishu sana. Na kama unakaa ghorofani waya wa ethi wa mita 10 kwenye 7 MHz unageuka antena, nguvu ya redio inarudi mezani na maiki inakung'ata midomo ukibonyeza kurusha. Dawa yake sio fimbo nyingine, zungusha koaksi mara kadhaa kwenye ringi ya feraiti (kauri ya sumaku) karibu na antena, kwanza jaribu hiyo.