Kabla hujalipia singo ya Motown, soma ukanda mtupu

Lebo ya santuri huigwa kirahisi, usianze nayo. Washa tochi ya simu, inamisha santuri, usome ule ukanda mtupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Singo (santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande) nyingi za Motown, kampuni ya muziki wa soul ya Detroit, za miaka ya 1960 zilitoka kiwanda cha American Record Pressing, Owosso, Michigan, na zina muhuri mdogo wa ARP uliogongwa kwenye ukanda huo. Kiwanda kiliungua 1972. Bandia zilizolisha kumbi za Northern Soul Uingereza (dansi za santuri adimu za soul ya Marekani) mara nyingi zina namba za kukwaruzwa kwa mkono tu. Muuzaji asiyetaka uchomoe santuri kwenye bahasha, mwache. Ila kukosa ARP pekee si ushahidi: Motown ilitumia viwanda vingine pia, na Monarch ya Los Angeles ilichora namba yake kwa mkono, yenye pembetatu, kwenye santuri halisi.