Namna ya kumtoa mwizi wa hatua kwenye kriketi

Pale Shela, kisiwani Lamu, maji yakitoka, mchanga hushikana ukawa mgumu kama sakafu, na ndipo tunapochezea. Wiketi zetu, vile vijiti vinavyosimamishwa kila upande, ni fito za mkoko, mpira ni wa tenisi tuliouzungushia tepu. Mimi ni fundi wa majahazi, ila jioni huwafundisha vijana kurusha, na swali lao ni lile lile: mpigaji anayesimama upande wa mrushaji akianza kukimbia kabla mpira haujarushwa, ni halali kumtoa?

Halali. Safari yake, kutoka mstari ulio mbele ya wiketi moja hadi ule wa wiketi ya pili, haifiki mita 18. Akiiba mita mbili, keshapunguza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya safari, na upande wa pili watu hutolewa kwa upana wa kidole. Tangu Oktoba 2022 jambo hili limo kwenye kanuni ya 38 ya kriketi, pamoja na rani-auti nyingine zote, yaani kumtoa mtu kwa kuangusha wiketi akiwa nje ya mstari. Zamani lilikuwa kanuni ya 41, ya mchezo usio wa haki, na naona ndiyo maana mrushaji akatazamwa kama yeye ndiye mkosaji.

Anza na mstari: futi nne mbele ya wiketi. Mchangani hufutwa na nyayo upesi, kwa hiyo uchimbe kwa kisigino au ulaze kamba. Ugomvi mwingi niliouamua ulikuwa wa mstari, si wa sheria.

Kisha kimbia kama siku zote. Usisimame kumvizia atoke. Ukifika ukamwona yuko nje, na bati, gongo lake la kupigia, halijagusa chini nyuma ya mstari, angusha wiketi kwa mkono wenye mpira, kisha umuulize mwamuzi. Fanya hivyo mkono ungali kiunoni. Ukishapita juu ya kichwa umechelewa: Januari 2023 kule Melbourne, Adam Zampa aliangusha wiketi na mwamuzi akakataa kwa sababu hiyo. Ukilenga ukakosa, mpira huo hauhesabiwi. Rudi uanze upya.

Kuonya? Sheria haikudai. Vinoo Mankad wa India alipomtoa hivi Bill Brown wa Australia huko Sydney mwaka 1947, Bradman, nahodha wa Australia, alimtetea Mankad. Courtney Walsh naye, mrushaji wa West Indies, Kombe la Dunia 1987, alimwacha Mpakistani aliyekuwa nje, na West Indies wakashindwa. Ule ulikuwa ukarimu wake, si deni. Mimi watoto wadogo huwaonya mara moja. Wakubwa siwaonyi.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu, kijana wa miaka 14, alinitoa mimi. Nikawaka: "Mwanangu, ungeniambia kwanza!"

"Ami, si ndiye wewe uliyeuchimba mstari?"

Nikasema tupime. Unyayo wangu ulikuwa shibiri mbili nje, na bati nimelikumbatia kifuani.