Kurina Asali Iliyoiva: Kutoka Mzingani Hadi Chupani

Maua yakianza kupukutika, masega huwa yamejaa na mkono wa mfugaji huanza kuwasha. Subiri kidogo. Kinachoamua kama asali yako itakaa miaka au itachacha ndani ya wiki chache ni maji yaliyomo, na kuyapunguza ni kazi ya nyuki wenyewe.

Yale maji matamu ya ua, yaani mbochi, mara nyingi ni maji zaidi ya nusu. Nyuki huyapitisha mdomo kwa mdomo, huyatandaza kwenye vijumba vya sega, kisha huyapepea kwa mabawa mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20. Hapo ndipo wanapoziba kijumba kwa nta. Msimu wangu wa kwanza nilikata masega yaliyokuwa wazi nusu nzima, kisa ndoo haijajaa. Haukupita muda, kifuniko kikavimba na chumba kikanuka pombe. Kazi ya miezi ya kundi zima ilimwagwa, na bado naumia nikiikumbuka.

Hatua ya 1: Siku na vifaa

Chagua siku kavu, kwa sababu asali hufyonza unyevu wa hewani. Kama nyuki wako ni wakali na kuna watu au mifugo karibu, rina jioni giza linapoingia. Vaa vazi la kinga, kofia ya wavu, glavu na buti. Chukua bomba la moshi, yaani kile kifaa cha kuwapulizia nyuki moshi, kisu, brashi laini na ndoo mbili safi zenye vifuniko vinavyobana. Asali ina tindikali, hivyo usitumie chombo chenye kutu wala cha shaba.

Hatua ya 2: Moshi

Washa nyasi kavu au magunzi ya mahindi, kisha ongeza majani mabichi kidogo juu ili moshi upoe. Upulizie nyuma ya mkono wako: ukikuunguza, utawaunguza na nyuki. Puliza mara mbili tatu mlangoni, halafu ngoja dakika mbili. Moshi hufunika harufu ya hatari wanayoitoa nyuki, na huwafanya wajaze matumbo asali, wakatulia. Ukizidisha, asali nayo itanuka moshi.

Ukichomwa, kwangua mwiba haraka kwa ukucha au kisu, kisha puliza moshi pale pale. Harufu inayobaki, inayofanana na ya ndizi mbivu, huwaita wengine waje kuchoma hapo hapo. Mtu akivimba uso au akibanwa pumzi baada ya kuchomwa, mkimbize hospitali bila kungoja.

Hatua ya 3: Lisome sega

Usiharakishe hapa hata kidogo. Anza na masega ya pembeni, mbali na kiota cha majana, yaani watoto wa nyuki. Inua moja polepole na ulitazame kwenye mwanga. Vifuniko vya asali ni vyeupe au vya manjano hafifu, vimelala bapa, na vingine vimekunjamana kidogo. Vifuniko vya majana vina rangi ya kahawia na vimetuna kidogo, vikavu kama ganda la mkate. Sega la majana lirudishe mahali pake. Hao ndio wafanyakazi wako wa msimu ujao.

Sega la asali lichukue likiwa limezibwa robo tatu au zaidi. Kama liko kwenye fremu, yaani limezungukwa na mbao pande zote, lilaze bapa juu ya mzinga kisha ulitikise mara moja kwa nguvu. Matone yakidondoka, halijaiva. Sega la mzinga wa viunzi vya juu, linaloning'inia kwenye kipande cha mbao cha juu tu, usililaze kamwe, maana halina fremu ya kulishikilia na litavunjika mkononi. Hilo lishike wima, utegemee vifuniko tu.

Pangusa nyuki, kata, weka ndooni, funika papo hapo. Asali ikiachwa wazi huwaita nyuki wa mizinga mingine, na wizi ukianza ni vigumu kuuzima.

Hatua ya 4: Waachie chakula

Panapokuwa na baridi kali, kundi linaweza kumaliza kilo 20 au zaidi kabla maua hayajarudi. Penye joto na maua karibu mwaka mzima huhitaji pungufu ya hapo. Mimi nikisitasita kama niongeze sega moja, naliacha.

Hatua ya 5: Jikoni

Ponda masega kwenye chombo kikavu, mimina kwenye kitambaa safi juu ya ndoo, uache ijichuje yenyewe kwenye chumba chenye joto. Usiipashe motoni, unapoteza harufu ya maua. Ikishajichuja, iache itulie siku mbili tatu, uengue povu, kisha ujaze chupa kavu kabisa. Asali ikiganda haijaharibika: weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvizuia.

Hatua ya 6: Nta

Machicha yaoshe kwa maji vuguvugu. Maji hayo matamu yatumie jikoni siku hiyo hiyo. Kisha funga machicha kwenye kitambaa, uyazamishe kwenye sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo maji yasichemke kwa nguvu, na nta isiyeyushwe juu ya moto moja kwa moja, maana hushika moto. Kamua, zima jiko, acha ipoe usiku kucha bila kuisogeza. Asubuhi utakuta kipande cha manjano kinaelea. Kigeuze, ukwangue uchafu wa kahawia ulioganda chini yake, ukiyeyushe tena mara moja kama unataka kutengeneza mshumaa.