Ukiulizwa unasoma nini, sema pia ulikitoa wapi

Wasee, mtu akikuuliza unasoma kitabu gani saa hii usitaje tu jina halafu unyamaze, mwambie umefika wapi, ni nini kilikushika, na muhimu kabisa ulikitoa wapi, juu wengi hapa Nairobi wanataka kusoma lakini wakicheki bei ya kitabu kipya wanakata tamaa. Kama ni cha mtumba, kutoka kwa wale wauzaji wa kando ya barabara tao, waambie wakague kurasa kabla ya kulipa, hasa za mwisho, hizo hung'oka sana. Kama umekisomea maktaba ya McMillan, ile ya tangu 1931, ama matawi yake ya Kaloleni na Makadara, taja. Na kama ni chako na umekwama katikati, mpatie mwenye atakimaliza.