Jinsi ya kulifungua neno "nilimngoja" kwa Kiingereza

Kila jioni baada ya Magharibi hukaa na vijana wachache katika chumba kimoja hapa Mji wa Kale, Mombasa, tukisoma Kiingereza. Wengine hutembeza wageni Fort Jesus, wengine hufanya kazi hotelini, na wawili ni madereva. Wote wamemaliza shule na msamiati wanao. Lakini sentensi ninayoisahihisha kuliko zote ni hii: "I waited him at the ferry." Kitenzi ni sahihi, wakati ni sahihi, mtu ni sahihi. Kilichokosekana ni kineno kimoja, "for", nacho hakikukosekana kwa uvivu. Kiswahili kilikimeza, na kijana hakujua kwamba kipo cha kutafutwa.

Ndiyo maana siku hizi siwaanzishi na Kiingereza. Naanza na Kiswahili chao.

Hatua ya 1: Livunje neno lako kwanza

Chukua "nilimpikia". Liandike vipande vipande: ni-li-m-pik-i-a. "Ni" ni mtendaji. "Li" ni wakati uliopita. "M" ni mtu aliyetendewa. "Pik" ni mzizi. Na ile "i" karibu na mwisho ndiyo kauli ya kutendea tuliyofundishwa darasani tukaisahau.

Sasa vipe vipande hivyo viti vyake: "I cooked for her." Mzizi na "li" vimeungana vikawa "cooked". Ile "i" ya kutendea imetoka ndani ya kitenzi ikawa neno linalojitegemea, "for". Na "m", ambayo kwetu hukaa mbele ya mzizi, imehamia mwisho kabisa. Sisi humtaja mtu kabla ya kitendo. Waingereza humngojesha mpaka kitendo na kihusishi, yaani kineno kama "for", vimepita. Andika maneno kumi namna hii kwenye daftari kabla ya kuendelea: nilimwandikia, walituimbia, alinifungulia, na mengine unayoyatumia kazini.

Jihadhari na jambo moja. Sisi twasema "nilimpikia mama", tukiwa na "m" na "mama" pamoja. Kwa Kiingereza anakaa mmoja tu: "I cooked for my mother." Ukishamtaja mama, "her" inaondoka.

Hatua ya 2: Uliza ni nani

"Alimpigia simu" ina maana nne kwa Kiingereza: "He called him", "He called her", "She called him", "She called her". Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo ulimi wetu hauna mazoea ya kuuliza. Kabla hujafungua mdomo, waone watu hao wawili akilini.

Kisha kumbuka kwamba baada ya kihusishi hutumika "me", "him", "her", "us" na "them". Usiseme "with I" wala "for he". "You" na "it" hazibadiliki. Hata ukimtaja mwenzako, sheria ni ileile: "She went with Ali and me."

Kitenzi chenyewe hakitakusumbua. Ukiondoa "was" na "were", wakati uliopita haubadiliki kwa mtu yeyote: "I went", "she went", "they went". Hapa Kiingereza ni chepesi kuliko Kiswahili, ufurahie.

Hatua ya 3: Kitafute kihusishi kilichofichwa

Hapa kaa sana. Makosa mengi ninayokutana nayo huzaliwa hapa.

Ikiwa kitenzi chako kina alama ya kutendea, mara nyingi kihusishi kipo na unakijua kilipo. Jiulize tu: ni kwa faida ya mtu, au kuelekea kwake? Nilimnunulia ni "I bought it for him"; nilimwandikia barua ni "I wrote to him". Na usichanganye na "kwa". Nilinunua viungo kwake, pale Marikiti, ni "I bought spices from him". Nilikwenda kwake ni "I went to his place". "Kwa" moja yetu hubeba mizigo mingi, na Kiingereza huugawa kila mzigo kwa mchukuzi wake.

Vigumu zaidi ni vitenzi visivyo na alama yoyote. Ngoja, tafuta, sikiliza, tazama: huoni mahali kihusishi kilipojificha, na bado Kiingereza kinakidai. "I waited for him." "I looked for him." "I listened to him." "I looked at him." Hivi havina hila, ni kuvihifadhi pamoja na vihusishi vyake kama neno moja. Usihifadhi "wait", hifadhi "wait for".

Kihusishi kikiachwa, maana inaweza kugeuka. Mwanafunzi wangu wa mapokezi aliandika katika daftari la zamu "The guest asked him", akikusudia kwamba mgeni alimwulizia mwenzake. Aliyesoma akaelewa kwamba mgeni amemwuliza swali, na mgeni hakutafutiwa mtu wake. "Asked him" ni alimwuliza. "Asked for him" ni alimwulizia, anamtaka. "Asked about him" ni aliuliza habari zake.

Kinyume chake, kuna pahali tunakitia kihusishi kisichotakiwa. "We entered the fort", si "entered in the fort". "We reached Likoni", si "reached at Likoni". "We discussed the price", bila "about".

Kwa watembeza wageni nina sentensi moja ninayowarudisha kwake mara nyingi. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, na mwaka 1698, baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, Waomani wakawanyang'anya. Sema "wakawanyang'anya" kwa Kiingereza. "Wa" ya ndani ni Wareno, lakini ngome yenyewe haimo katika neno. Mswahili anaielewa tu. Mwingereza hawezi kuiacha: "The Omanis took it from them." Kitenzi, kitu, kihusishi, watu. Neno letu moja limekuwa manne bila kuhesabu mtendaji, na "it" ndiyo husahaulika kila mara.

Hatua ya 4: Mtu aingie katikati au akae mwisho?

Dereva akimchukua mgeni stesheni ya Miritini, husema "I picked up the guest" au "I picked the guest up". Zote sawa. Lakini akitumia kiwakilishi, yaani "him" badala ya "the guest", njia ni moja: "I picked him up." "Picked up him" ni kosa. Ni vivyo hivyo kwa "dropped them off", "woke me up" na "called her back".

Utajuaje? Weka jina katikati ulisikilize. "I picked the guest up" inasimama, basi kiwakilishi nacho kiingie katikati. "I waited the guest for" inaanguka, basi kiwakilishi kikae mwisho.

Hatua ya 5: Kukanusha

Angalia: nilimngoja, sikumngoja. "Li" imetoka, "ku" imeingia. Kiingereza hufanya vilevile: "I waited for him", "I did not wait for him". "Did" imechukua kazi ya wakati, na kitenzi kimevua "ed" yake. Anayesema "did not waited" ni kama anayesema "sikulimngoja". Swali nalo ni hivyo: "Did you wait for him?" Ukiuliza nani, kihusishi hubaki nyuma peke yake: "Who did you wait for?"

Hatua ya 6: Yatamke yameshikana

"Ed" ina sauti tatu: "waited" huishia id, "called" huishia d, "picked" huishia t. Sisi hupenda kumaliza neno kwa irabu, usiitie hapo. Konsonanti hiyo ishikanishe na neno linalofuata: "picked it up" husikika pik-ti-tap, na "asked him" mara nyingi ni ask-tim, "h" ikiwa imepotea. Sema polepole mara kumi, kisha ongeza kasi.

Jaribu hii: "Walitungoja kivukoni, wakatuchukua, lakini hawakutueleza bei."

"They waited for us at the ferry, picked us up, but did not explain the price to us." "Ka" ya "wakatuchukua" haina mwenzake kwa Kiingereza, kwa hiyo wakati uliopita unarudiwa: "picked". Na ukiandika "did not explain us the price", rudi hatua ya 3. Eleza ni ndugu yake ngoja: haina alama yoyote, na "to" imo ndani.