Mbwa mkubwa mweupe: jinsi ya kumtambua Great Pyrenees, Kuvasz, Maremma na Akbash

Ukitafuta mbwa wa kulinda mbuzi shambani Chanika au Kigamboni, utaletewa picha ya mbwa mkubwa, mweupe, mwenye manyoya mengi, na utaambiwa ni Great Pyrenees. Huenda ni kweli. Huenda pia ni Kuvasz wa Hungaria, Maremma wa Italia, Akbash wa Uturuki, au chotara. Mimi naogesha na kutunza mbwa hapa Goba, na kila mbwa mwenye manyoya meupe anayeletwa kwangu namkagua kwa utaratibu huu.

Elewa kwanza kwa nini wanafanana. Wote walifugwa kwa kazi moja: kukaa na kondoo usiku na mchana na kumkabili mbwa mwitu. Wachungaji walipenda weupe ili gizani wasimpige mlinzi wao wakidhani ni adui. Kwa hiyo rangi na ukubwa ndivyo vitu wanavyoshirikiana, na wauzaji wengi huanzia hapo hapo. Wewe usianzie hapo.

Hatua ya 1: Ondoa wasiohusika. Masikio yamesimama? Huyo huenda ni Samoyed, au German Shepherd mweupe, au damu yao imo. Manyoya yamejisokota kama rasta? Huyo ni Komondor, naye ni wa Hungaria. Ila Komondor mchanga bado hana misokoto, ana mawimbi tu, kwa hiyo kwa watoto usikimbilie kusema.

Hatua ya 2: Mwogeshe, mkaushe hadi kwenye ngozi. Vumbi letu jekundu hutia manyoya rangi ya chungwa, na mbwa anayejilamba miguu hupata madoa ya kahawia kati ya vidole. Ukikagua kabla ya maji, utaandika "ana mabaka" kumbe ni uchafu. Baada ya kuoga tazama kichwa, masikio na shina la mkia. Mabaka ya kijivu au ya hudhurungi yanakubalika kwa Great Pyrenees, na mara nyingi hufifia kadiri anavyokua. Kuvasz anatakiwa awe mweupe au rangi ya pembe ya ndovu, basi. Maremma huvumiliwa kivuli kidogo cha limau au chungwa hafifu.

Hatua ya 3: Shika miguu ya nyuma. Hapa usiwe na haraka. Mlaze ubavu, pitisha kidole gumba upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kanyagio. Kwa Great Pyrenees utakuta vidole viwili vya ziada vilivyokaa pamoja, kila kimoja na ukucha wake, tena mara nyingi vina mfupa ndani, si ngozi inayoning'inia. Viwili kila mguu wa nyuma ndivyo kanuni za aina hiyo zinavyotaka. Kuvasz hatakiwi kuwa navyo.

Lakini alama hii peke yake haimalizi kesi. Akbash naye anaweza kuwa na kimoja, viwili au asiwe navyo kabisa, na chotara huvirithi hata kwa mzazi mmoja tu. Ukikuta patupu, sogeza manyoya utafute kovu, maana wapo wanaovikata vidole hivyo mbwa akiwa mchanga.

Ukiwa hapo hapo, kata hizo kucha. Hazigusi chini, hazisagiki, na zikiachwa hujikunja mduara hadi zinachoma nyama. Inaniuma sana kukuta mbwa mzuri anachechemea miezi kwa jambo la dakika moja.

Hatua ya 4: Tenganisha manyoya uone ngozi. Kuvasz ana ngozi ya kijivu iliyokolea chini ya manyoya meupe ya mawimbi. Great Pyrenees mara nyingi ana mabaka meusi hapa na pale. Kwa joto letu wengi hutaka kumnyoa mbwa upara. Tafadhali usifanye hivyo: ngozi nyeupe huungua na jua. Chana manyoya ya ndani yatoke, mpe kivuli na maji.

Hatua ya 5: Kichwa na masikio, kwa ubavu. Chuchumaa uwe sawa na macho yake. Great Pyrenees paji lake linashuka taratibu hadi puani bila kukatika, na masikio yameanzia usawa wa macho, ncha za mviringo, yamelala bapa. Maremma kichwa chake ni pana na bapa, kinachongoka kuelekea puani kama cha dubu mweupe. Masikio ni madogo, yamepandwa juu, ncha kali. Sikio la Kuvasz huinuka kwanza kwenye shina, kisha hujikunja na kushuka. Ukishaliona mara moja hulisahau.

Hatua ya 6: Mwombe mtu agonge geti. Mbwa akishtuka, tazama mkia. Wa Great Pyrenees hupanda na kufanya gurudumu juu ya mgongo. Wa Akbash pia hujikunja juu, ila mwili wake ni mwembamba, miguu mirefu, na wapo wenye manyoya mafupi. Mkia wa Kuvasz na wa Maremma haupiti sana usawa wa mgongo.

Kimo hupimwa begani: Maremma dume ni sentimita 65 hadi 73, Great Pyrenees dume ni 70 hadi 80. Viwango vinaingiliana, kwa hiyo kimo nakiweka mwisho.

Alama zikigombana, kwa mfano vidole viwili vya ziada lakini ngozi ya kijivu mwili mzima, mwandike chotara. Chotara wa walinzi wawili anaweza kuwa mlinzi mzuri kabisa. Kosa ni kumlipia bei ya asiyechanganywa. Uhakika zaidi hutoka kwenye kipimo cha vinasaba.

Kwa mtoto wa wiki nane, hatua nyingi hapa hazisemi kitu. Dai kuwaona wazazi. Kama unanunua kwa simu, omba video tatu za mama yake: mguu wa nyuma kwa ndani, manyoya ya tumbo yakitenganishwa, na mkia geti likigongwa. Muuzaji akileta tena ile picha ya kwanza, tafuta muuzaji mwingine.